Tepe Thelathini

Mji wa Kale, Mombasa
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mejumaa Mung'aro,

Salaam aleikum. Nimepoteza jicho la kulia tarehe tisa Januari, siku ya Alhamisi, saa nne kasorobo asubuhi, nikiwa kwenye cherehani na rida ya bibi harusi, vazi zima la sitara, la juu na sketi yake, mapajani. Kwanza yalishuka madoa meusi kama wino majini, kisha likaja pazia zima. Daktari akasema ni sukari: miaka kumi na sita imekula vimishipa vya nyuma ya jicho, vikavuja, na ngozi ile ya kuonea ikabanduka. Nimenyamaza siku tisini na tano kwa sababu nilikuwa na rida arobaini na moja za Idi za kumaliza. Sasa Idi imepita na nina neno na wewe.

Mama yako Dama, ambaye ananikunjia pindo huu mwaka wa ishirini na saba na hajawahi kuweka siri hata mpaka adhuhuri, kanieleza jana kazi unayofanya huko Nairobi. Mimi nilidhani unatibu watu. Kumbe unatibu panya! Panya wa sukari, unawatia dawa machoni, na ati wanaona.

Mejumaa, mimi nilianza na sinia la tepe na vifungo pale Feri, nikiuza kwa wanaovuka, jua la kichwa na mvua ya mgongo. Duka hili sikurithi kwa mtu. Na wewe hesabu umejifunza chini ya meza yangu ya kukatia, kwa vifungo vyangu. Vifungo ulivyomeza ni viwili, nakumbuka. Leo macho yanatibiwa, na wa kwanza kwenye foleni ni panya?

Sitaki maelezo. Nataka namba mbili: panya wangapi, na wanaoona wangapi. Tena nataka chupa moja ya hiyo dawa. Jicho la kushoto ni zima kabisa, uzi natunga mwenyewe mara moja tu, lakini mwenye akili huziba ufa. Chupa itoke kwa basi, Baya wa ofisi ya mizigo Mwembe Tayari ananijua. Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa herufi za simu siku hizi wamezifanya ndogo mno, sijui wanabana nafasi ya nini.

Nijibu kabla ya Ijumaa saa sita.

Tasleem Juzerbhai
Fundi wa rida

*

Nairobi
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Bi Tasleem, shikamoo,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, na koti la maabara halijatoka mwilini. Pole. Siku tisini na tano, na hakuna aliyeniambia! Mama anajua kutoa siri za wenzake, zako kazificha.

Umetaka namba. Panya ni ishirini na nne, wote wana sukari. Kumi na wawili wanapata matone ya dawa, kumi na wawili wanapata maji ya chumvi tu, mara mbili kwa siku. Tumeanza tarehe kumi mwezi huu, tutakwenda siku tisini.

Wanaoona ni wangapi? Sijui. Mama kaongeza chumvi. Tena sijui hata panya yupi anapata dawa. Chupa zina herufi tu, A na B. Ufunguo wa herufi uko ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha anayo Ronald, mwangalizi wa vizimba, mpaka tarehe kumi Julai. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Ningejua mapema, ningeona ninachotamani kukiona.

Chupa, la. Unisamehe, lakini umetaka jibu la wazi. Dawa hii imepimwa kwa jicho kubwa kama punje ya mbaazi. Kwa jicho la binadamu hakuna anayejua itafanya nini.

Lakini, Bi Tasleem, watu nao wana dawa zao, tena leo hii, hapo hapo Mombasa. Kuna mwanga wa leza, na kuna sindano ya jicho inayokausha uvujaji. Nenda wakutazame hilo la kushoto wiki hii. Nakuomba.

Nimemaliza barua hii kwa chakula cha mchana: mandazi manne na soda. Panya wangu wanakula vizuri kuliko mimi.

Mwanao,
Mejumaa

*

Mji wa Kale
Jumatano, 23 Aprili 2025

Mejumaa,

Nimemsomea mama yako barua yako, yaani yeye kaisoma na mimi nimeisikiliza kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi. Tumecheka mpaka uzi ukakatika. Mwanamke mzima, umesoma miaka tisa baada ya sekondari, hujui unachompa panya! Mimi ningemshonea mteja bila kujua namshonea nani, Mji wa Kale wote ungetembea na mikono mirefu.

Au unajua na unanificha. Hilo ndilo ninaloliwaza. Mtu akikunyima namba, namba anayo.

Na hiyo sindano ya ndani ya jicho, kaichomwe wewe. Nimeshika sindano miaka thelathini na nane, najua inavyoingia. Jicho langu la kushoto halina ila. Kazi ipo tele, ingawa watu wamekosa adabu. Aliza, mtoto wa marehemu Noormohamed wa vikombe, kanirudishia rida ya hafla, ati lesi ya kifuani imekwenda upande. Nikamwambia, "Bibi, lesi haikwenda upande, mabega yako ndiyo yaliyokwenda upande, kasimame sawa." Akaondoka amenuna. Rida ninayo hapa, naitazama, lesi imenyooka kama reli.

Haya, nijibu hili. Panya hasomi, wala hasemi. Utajuaje kama anaona?

Tasleem

*

Nairobi
Jumatatu, 28 Aprili 2025

Bi Tasleem, shikamoo,

Wallahi sikufichi. Kama ningekuwa na namba ningeiweka juu ya barua hata kabla ya salamu.

Swali lako ni zuri, hata wakubwa wangu waliniuliza hilo hilo. Tuna pipa. Ndani yake pembeni kuna mistari ya kusimama, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, inazunguka pande zote. Panya anasimama kwenye kikalio kidogo katikati. Pipa linazungushwa polepole. Panya anayeona mistari hawezi kujizuia, kichwa chake kinaifuata, kama watu wa barazani wanapopita mabibi harusi. Asiyeona anakaa tu, anajisafisha masharubu.

Shida yangu ni pipa lenyewe. Mistari yake ni ya karatasi, na panya namba kumi na saba ameigeuza chakula. Ronald amebandika mpya mara tatu. Ikilowa inakunjamana, na mstari uliokunjamana haunipi kipimo. Lazima upana uwe milimita ishirini, myeusi thelathini, myeupe thelathini, mzunguko sentimita mia na ishirini, kimo arobaini. Ikipishana hata milimita mbili, kazi ya siku nzima naitupa.

Umekwenda kutazamwa jicho? Hukunijibu.

Mwanao,
Mejumaa

*

Mji wa Kale
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mejumaa,

Kwa mkono wa Baya wa Mwembe Tayari, pokea kitambaa kimoja. Bafta nyeupe nzito, sentimita mia na ishirini kwa arobaini, nimeongeza moja na nusu kila upande ya kukunjia. Tepe nyeusi thelathini, upana milimita ishirini, nafasi milimita ishirini. Inafulika, haitoi rangi, na huyo namba kumi na saba akiitafuna atavunjika jino.

Nimeshona kwa macho matupu, bila chaki. Mwenye kuchora chaki ni mwanafunzi. Mama yako alitaka kunichorea, nikamwambia akakunje pindo lake.

Sitaki shukrani. Nataka tu hao wakubwa wako wajue kwamba kipimo chao kimeshonwa Mombasa. Wakiuliza fundi nani, wape jina langu lote.

Hilo swali lingine lako nimeliona. Nina kazi.

Tasleem

*

Nairobi
Alhamisi, 15 Mei 2025

Bi Tasleem wangu, shikamoo,

Barua hii naiandika kwa mara ya nne. Tatu nimezichana.

Kitambaa kimefika. Ronald alikitandika mezani, akakitazama, akasema, "Dada, huyu fundi wenu alikuwa anashona juu ya boda?" Nikataka kumpiga. Bi Tasleem anayekata lesi bila futi! Nikachukua rula ili nimwaibishe.

Tepe ishirini na sita kati ya thelathini zimepinda. Iliyopinda zaidi imekwenda milimita nne. Mshono wenyewe ni ule ule wako, mdogo, wa kubana, hakuna hata mmoja ulioruka. Tepe tu ndizo zinazocheza chakacha.

Mkono wako haukukosea. Mkono ulifuata jicho, na jicho lilikudanganya. Katikati ya jicho, pale tunapoonea vitu vidogo, pakivimba kwa maji yanayovujishwa na sukari, kilichonyooka huonekana kimepinda. Fundi wa kawaida angekiacha hivyo. Fundi hodari hukinyoosha, na akishamaliza kukinyoosha, kimepinda kweli. Bi Tasleem, panya wangu hawana njia ya kuniambia wanachokiona. Wewe umeniambia kwa tepe thelathini.

Nimetoa barua zako zote nikazipanga. Ya Aprili mistari inapanda kidogo. Hii ya mwisho imepandana.

Ukitaka ushahidi usiotoka kwangu, tazama nondo za dirisha la duka, zile nilizokuwa nikizishika nikijifunza kusimama. Zitazame moja moja. Kisha nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo, si kesho yake. Maji yale bado yanaweza kukaushwa. Yakikaa sana, hapana.

Nimekuogopa tangu nina miaka minne. Leo naogopa zaidi usiponisikia.

Mejumaa

*

Mombasa
Jumapili 18/5/2025

Mwanangu Mejumaa,

Usimwambie Bi Tasleem nimekuandikia. Barua yako ilifika Ijumaa, akaniambia nisome kwa sauti. Nilipofika pale pa nondo akasema basi, inatosha. Halafu akainuka akatazama nondo za dirisha, muda mrefu. Akasema, "Dama, hizi nondo nani kazigonga?" Nikasema hakuna. Akasema, "Zimepinda, kaniitie fundi wa kuchomelea." Basi nikamwita, ningefanyaje. Akaja na mashine yake yote. Akatazama nondo, akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema, "Mama, hapa ninyooshe nini?"

Hapo ndipo Bi Tasleem alipokaa. Kaniuliza taratibu, kama mtoto, "Dama, zimenyooka?" Nikamwambia zimenyooka, Bi Tasleem, siku zote zimenyooka.

Mwanangu, uzi mimi ndiye ninayemtungia tangu Februari. Aliniapisha. Hiyo ndiyo siri niliyoweza kuiweka, na sasa najuta.

Jumanne tunakwenda kliniki. Kasema nimshike mkono mpaka mlangoni tu, nikimshika ndani atanifukuza kazi.

Mama yako
Dama

*

Mji wa Kale
Jumatatu, 30 Juni 2025

Beti, binti yangu Mejumaa,

Siku arobaini na tisa sikukuandikia barua. Simu ulizompigia mama yako kila siku nazijua, alikuwa akienda kuongea uani akidhani mimi ni kiziwi pia.

Nilikudanganya. Jicho la kushoto lilianza kuyumba Februari. Nilijiambia ni taa, nikabadilisha taa. Nikajiambia ni miwani, nikabadilisha miwani. Nikajiambia ni mabega ya Aliza. Yule mtoto nimemwendea mwenyewe nyumbani kwao, nimemwomba radhi mbele ya mama yake, rida nimeifumua na kuishona upya na nimemwongezea lesi mikononi. Mabega yake, nilipoyaona vizuri, yamenyooka kuliko ya askari.

Nimechomwa sindano mbili, Mei ishirini na Juni kumi na saba. Daktari ni binti mmoja, Everlyne, mdogo, nusura nimuulize mama yake yuko wapi. Nikamwambia kabla hujanigusa, nionyeshe sindano. Akanionyesha. Mejumaa! Ni nyembamba kuliko sindano ya kushonea ushanga! Kwa nini hukuniandikia hivyo? Kurasa ngapi umenijazia, uvimbe, leza, maji, na neno moja la maana hukulisema. Ungeniandikia "nyembamba kuliko ya ushanga" ningekwenda Aprili. Ganzi matone manne, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikafika nne naambiwa inuka.

Tena nilikuwa nimepiga hesabu nikiwa kwenye benchi. Panya ishirini na nne, mara mbili kwa siku, siku tisini, ni matone elfu nne mia tatu na ishirini kama kila mmoja anatiwa jicho moja. Hakuna aliyelalamika kwa barua. Mimi nikimbie sindano tatu alizoniandikia daktari?

Kwenye ule ubao wa herufi, Mei nilisoma mistari mitatu. Juni kumi na saba, mitano. Leo asubuhi nimetunga uzi. Mara ya kwanza nilikosa, mara ya pili ukaingia. Mama yako kapiga kigelegele, wateja wawili wakaja mbio wakidhani kuna harusi, na mmoja kanunua.

Kwa mkono wa Baya pokea kitambaa cha pili. Safari hii nimechora chaki. Usimwambie mtu.

Tasleem

*

Nairobi
Ijumaa, 11 Julai 2025

Bi Tasleem, shikamoo nyingi,

Namba kwanza, kabla ya salamu nyingine, kama nilivyoahidi.

Kitambaa chako: tepe thelathini, nimezipima zote. Iliyopishana sana imepishana nusu milimita. Ronald kavua kofia.

Panya: kipimo cha mwisho tulikifanya wiki hii, wote ishirini na nne, ndani ya tepe zako. Nilizungusha, nikaandika, nikazungusha, nikaandika, na bado sikujua nani ni nani. Jana saa tano Ronald akaleta bahasha. Nikamwachia yeye aichane. A ni maji. B ni dawa.

Waliopata maji, wanaofuata mistari ni watatu kati ya kumi na wawili. Waliopata dawa, ni tisa.

Tisa, Bi Tasleem! Namba kumi na saba alikuwa B. Mtafuna karatasi yule, kumbe alikuwa anaiona vizuri.

Usikimbilie chupa. Tisa wa panya si tisa wa watu. Yatakuja majaribio mengine, wanyama wengine, miaka, na mengi huishia njiani. Na nikuambie jambo hili kwa kuwa hupendi kufichwa: panya wetu hawastaafu. Leo wamelazwa kwa dawa ya usingizi hawakuamka, tuyatazame macho yao kwa ndani. Hawakuumia. Nilimshika kumi na saba mwenyewe.

Tarehe ishirini na nne nitasimama mbele ya watu mia mbili kusoma matokeo haya. Sina nguo ya kusimamia. Nina aibu kuomba, lakini naomba.

Mwanao,
Mejumaa

*

Mji wa Kale
Jumatatu, 14 Julai 2025

Beti,

Tisa kwa tatu! Nimeiandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia na nimekataza isifutwe. Kila mteja anauliza ni mechi gani. Nawaambia ni Mombasa dhidi ya sukari.

Huyo kumi na saba nimemhuzunikia. Hatukuonana, lakini alikuwa mteja wangu. Pale mlangoni nimempa paka wa jirani samaki, nimemwambia leo apumzike, asiguse panya, kwa heshima.

Sindano ya tatu ni kesho. Jicho la kulia halirudi, nalijua hilo, limekwenda na haki yake. La kushoto leo limesoma barua yako lenyewe, kurasa mbili, bila Dama.

Sasa nami nifungue bahasha yangu. Mei ishirini, mama yako alinisindikiza mpaka ndani, hakuishia mlangoni. Muuguzi alikuwa na kile kipimo cha kuchoma kidole. Nikasema mpime na huyu. Dama kakataa, ati yeye mzima, ati ana kazi dukani. Nikamwambia mwenye duka ni mimi, kaa. Kumi na moja nukta sita, Mejumaa. Mama yako. Alikuwa na sukari na hakuna aliyejua. Aliniapisha nisikuambie mpaka panya wako waishe, usije ukatetemeka mkono. Tumeweka siri siku hamsini na tano, yeye na mimi, rekodi yake ya maisha.

Usilie, sikiliza. Macho yake wameyapiga picha yote mawili, safi kama kioo kipya. Tumewahi. Chai ya sukari nimeifuta dukani, mahamri nimeyafuta, na kila alfajiri tunakwenda kwa miguu mpaka ufukweni Mama Ngina na kurudi, yeye mbele, mimi nyuma namhesabia hatua. Juzi ilikuwa saba nukta moja. Anasema nimemtesa kuliko mumewe. Amependeza.

Gauni lako limekatwa. Buluu ya bahari kuu, mikono mirefu, na kwenye pindo nimekuzungushia tepe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Ukigeuka pale mbele, panya wote wa Nairobi watageuza shingo.

Limebaki kushonwa ubavuni, na ili nilishone nataka vipimo vitatu: kifua, kiuno, na sukari. Umewapima panya ishirini na nne siku tisini mfululizo. Mama yako anayo, na wewe unakula mandazi manne kwa soda, umeniandikia kwa mkono wako, barua ninayo. Mwenyewe ulijipima lini?

Baya anafunga mizigo Alhamisi saa kumi jioni. Namba ya tatu isipofika kabla ya hapo, gauni halipandi basi, na hao watu mia mbili utawasimamia kwa koti la maabara. Sitaki maelezo, wala "Bi Tasleem nina kazi", hiyo niliitumia mimi nikaona ilikonifikisha.

Kabla hujanywa chai asubuhi, Mejumaa: ni ngapi?

Tasleem Juzerbhai
Fundi wa rida, na wa pipa la panya